Zana Mpya za Darasani: Tujipime Wenyewe Kwanza

(Hotuba ya walimu wa shule za msingi za kambi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema siku ya leo. Tumeombwa tuzungumzie vishikwambi, kompyuta na projekta zilizoletwa katika shule zetu. Tutasema kwa kifupi, maana jua ni kali na watoto wanangojea ngoma zao.

Tunajua kwamba Kamati inaandaa barua ya kuwaomba wafadhili vishikwambi zaidi. Ombi letu ni moja. Kabla barua hiyo haijapelekwa, kila shule ijipime kwa muda wa mwezi mmoja, ijue vifaa vilivyopo vinamsaidia mtoto kiasi gani. Mwaka 2025 UNHCR na mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi na huduma kwa kukosa fedha. Siku hizi anayeomba hupewa mara moja. Tukiomba kisichohitajika, kile kinachohitajika tutakuwa tumekikosa.

Sisi tuliosomea ualimu chuoni tulifundishwa kwamba zana ya kufundishia huchaguliwa baada ya lengo la somo kuandikwa. Ubao, chati, punje za mahindi za kuhesabia, redio, kishikwambi: vyote ni zana. Mwalimu hujiuliza kwanza mtoto atoke darasani akiweza kufanya nini, ndipo atafute zana ya kumfikisha huko. Vifaa vya umeme vilipoanza kugawiwa duniani, mahali pengi utaratibu huo uligeuzwa. Kifaa kilifika kwanza, somo likatafutwa baadaye.

Wako waliokwisha kupita njia hii, na yaliyowapata yamepimwa. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta za mkononi kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti walipima shule 319 na kutoa matokeo mwaka 2012. Kompyuta zilikuwa zimefika, zaidi ya moja kwa kila mtoto, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda.

Karibu zaidi na kwetu, katika Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, shule zilipewa vitabu vya kiada katika miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma vizuri.

Nchini Malawi mambo yalikwenda vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watoto wa madarasa ya chini waliojifunza hisabati kwa vishikwambi. Masomo yalikuwa kwa Kichewa, lugha wanayoielewa. Walikuwa na muda wao maalumu wa kuvitumia, kwa wiki nane mfululizo. Watoto hao waliendelea kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo kifaa chenyewe hatukipingi. Tunachosema ni kwamba lugha, muda na mpangilio ndivyo vinavyokipa kazi.

Mwaka 2023 UNESCO ilitoa ripoti juu ya teknolojia katika elimu, ikazitaka nchi zijiulize maswali manne: je, inafaa? Je, inawafikia wote kwa haki? Je, inaweza kuenezwa? Je, itadumu? Hayo ni maswali ya mawaziri. Sisi tumeyashusha hadi kwenye daftari la mwalimu, yakawa matano, na kila mwalimu anaweza kuyajibu kwa kalamu na rula.

Swali la kwanza ni dakika. Tuchukue darasa la watoto 100 na vishikwambi 25. Watoto wanne wanashika kimoja. Kipindi ni dakika 40. Kugawa na kuwasha huchukua dakika 8, zinabaki 32. Kila mtoto akipata zamu yake, anashika kwa dakika 8. Kama kipindi ni kimoja kwa wiki, hizo ndizo dakika zake za wiki nzima. Sasa tuligawe darasa: watoto 50 wabaki na vifaa, 50 wakasome kwa sauti na mwalimu mwingine chini ya mti, na kipindi kinachofuata wabadilishane. Kila mtoto atapata dakika 16, kwa vifaa vile vile. Basi mwalimu aandike dakika, asiandike idadi ya vishikwambi.

Swali la pili ni mikono. Katika kikundi cha wanne, ni nani anayeshika na ni nani anayetazama tu? Mara nyingi anayeshika ni yule mwepesi, au mvulana mwenye nguvu. Msichana na mtoto aliyefika kambini juzi hubaki wakichungulia begani. Mwalimu aweke alama ya vyema mbele ya jina la kila aliyeshika. Baada ya wiki mbili daftari litamwonyesha majina yasiyo na alama. Hao ndio waanze kipindi kijacho.

Swali la tatu ni lugha. Wengi wa watoto wetu walitoka Kivu wakisema Kiswahili, Kibembe au Kifuliru, na wakubwa wao walianza kusoma kwa Kifaransa. Hapa wanafanya mtihani kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kubonyeza picha kipindi kizima bila kuelewa neno. Somo likiisha, mwalimu awaite watoto watano, waeleze kwa Kiswahili walichojifunza. Wakishindwa watatu, somo halikufika. Dawa yake haina gharama: dakika tano za kueleza maneno magumu kwa Kiswahili kabla kifaa hakijawashwa. Pia ipo programu ya bure inayoitwa Kolibri, inayofanya kazi bila intaneti, ambayo humruhusu mwalimu kuchagua masomo mapema na kuyapanga kufuatana na azimio lake la kazi.

Swali la nne ni umeme. Kila kipindi kilichokufa kwa kukosa umeme kiandikwe tarehe na sababu. Tukijua sababu, tutajua la kufanya. Paneli ya sola yenye vumbi hupoteza nguvu, na kuipangusa ni kazi ya zamu ya asubuhi. Kishikwambi kisiwekwe likizo nzima betri ikiwa tupu, maana betri hiyo huharibika. Kiachwe na chaji ya nusu hivi, mahali pasipo joto.

Swali la tano ni ufunguo. Sanduku hufunguliwa mara ngapi kwa wiki, na likibaki limefungwa, ni kwa nini? Hapa tutasema wazi. Mwalimu mkimbizi anapokea posho, hapokei mshahara. Akiambiwa kwamba kioo kikipasuka atakatwa posho hiyo, atalifunga sanduku na kufundisha kwa chaki, na hakuna mtu wa kumlaumu, kwa kuwa nyumbani ana watoto wanaokula. Mzazi naye akisikia atatozwa fidia, atamkataza mwanawe asiguse. Kifaa kitabaki kipya, na mtoto atamaliza shule bila kukijua.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati, pamoja na mashirika, iandike kanuni moja: kifaa kikiharibika katika somo, mbele ya mwalimu, hatozwi mwalimu wala mzazi. Wizi na uzembe vichunguzwe na watu watatu, mmoja wao awe mzazi.

Kisha tupime faida yenyewe. Wiki ya kwanza watoto wapewe maswali kumi ya hisabati kwenye karatasi, darasa linalotumia vifaa na darasa lisilotumia. Wiki ya nne wapewe maswali mengine kumi ya kiwango hicho hicho. Tuone nani amesogea na kwa kiasi gani. Mwezi mmoja ni mfupi, hautatuambia yote, lakini utatosha kuiandika barua kwa haki. Pengine tutaona kwamba tunahitaji betri. Pengine ni vipokea sauti vya masikioni, au mafunzo ya walimu. Pengine shule moja itaomba vishikwambi na jirani yake itaomba vitabu na madawati, na zote mbili zitakuwa na sababu iliyoandikwa.

Ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu huuliza ni vifaa vingapi vimegawiwa. Tunawaomba muongeze mstari mmoja: vilitumiwa saa ngapi, na watoto gani? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tunaokilalia kitanda hiki. Mtuulize, tutawajibu kwa daftari mkononi.

Wazazi, njooni darasani siku yoyote. Mtoto wako akirudi nyumbani, usimwulize kama leo walipewa kishikwambi. Mwambie akufundishe alichojifunza.