HABARI ZA MUZIKI ULIOTUNGIWA GAZETI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kazi ya mtu na ujira wake. Nimeona heri niwape habari za mtu mmoja wa Marekani, ambaye naye alikuwa mtumishi wa Serikali kama tulivyo sisi. Jina lake ni John Philip Sousa.

Alizaliwa katika mji wa Washington mwaka 1854. Baba yake alikuwa mpigaji katika bendi ya askari wa manowari wa Marekani. Kijana alipokuwa na umri wa miaka 13, alikusudia kutoroka nyumbani afuatane na bendi ya sarakasi. Baba alipopata habari hakumpiga wala hakumfungia, bali alimpeleka kwa mkubwa wake, akamwandikisha katika bendi ile ile ajifunze kazi. Mwaka 1880 Sousa akawa kiongozi wa bendi hiyo, akaiongoza miaka 12 chini ya marais watano.

Katika mji huo palikuwa na gazeti liitwalo The Washington Post, lililoanzishwa mwaka 1877. Mwaka 1889 lilinunuliwa na mabwana wawili, Frank Hatton na Beriah Wilkins. Gazeti likafanya mashindano ya insha kwa watoto wa shule, na Sousa akaombwa atunge muziki mpya wa gwaride kwa ajili ya siku ya kutoa zawadi. Tarehe 15 Juni 1889, katika viwanja vya Smithsonian, bendi iliupiga muziki huo kwa mara ya kwanza mbele ya umati mkubwa wa watu, na jina lake likawa ni jina la gazeti.

Wakati ule dansi mpya ya hatua mbili ilikuwa inaanza kuenea, na mwendo wa muziki huu uliafikiana nayo kabisa. Ukapigwa kila mahali, hata ukavuka bahari. Na huko Ulaya watu wengi waliiita dansi yenyewe "Washington Post", wala hawakulijua gazeti. Hivyo gazeti la mji mmoja lilipata sifa katika nchi ambazo halikuuzwa hata nakala moja.

Sasa, ndugu zangu, mtungaji alipata nini? Aliuuza muziki wake kwa Harry Coleman, mchapishaji wa Philadelphia, kwa dola 35. Hapakuwa na hila wala wizi. Bei ilitajwa, ikakubaliwa, fedha zikatolewa. Lakini karatasi zile zilipouzwa kwa wingi huku na huku, faida ilikuwa ya mwenye kuchapa, kwa maana Sousa alikuwa amekwisha kuuza shamba pamoja na mavuno yake yote.

Mwaka 1892 aliacha kazi ya Serikali, akaunda bendi yake mwenyewe. Tangu hapo alifanya mkataba wa namna nyingine na mchapishaji mwingine, yaani apate fungu lake kwa kila nakala iuzwayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo palikuwa na jambo ambalo mkataba wa mtu mmoja haukuweza kulitengeneza. Mashine za santuri zilitokea, zikauza muziki wa watungaji bila kuwalipa kitu. Mwaka 1906 Sousa alikwenda mbele ya wajumbe wa Bunge la Marekani akatoa malalamiko, na sheria ya mwaka 1909 ikaamuru mtungaji alipwe senti mbili kwa kila santuri. Mahoteli nayo yalipiga muziki kuwafurahisha wageni, yasilipe. Ndipo mwaka 1914 watungaji wakafanya chama chao katika New York, na Sousa alikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Mwaka 1917 mashauri mawili yalifika katika Mahakama ya Juu, moja likihusu muziki wa Sousa. Jaji Holmes akaamua kwamba muziki ule ni sehemu ya kile anacholipia mgeni wa hoteli, kwa hiyo mwenye muziki ana haki ya kulipwa.

Wanachama wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Miongoni mwetu wako watia sahihi wasiosoma, na wako wanaosoma lakini hawaweki nakala. Naomba basi mambo mawili. Kwanza, mtu asitie sahihi karatasi ya kazi, ya mkopo au ya kiwanja kabla ya kuisoma mpaka mwisho, na nakala aiweke. Pili, asiyeelewa neno alilete kwa Katibu kabla ya kutia sahihi, si baada yake. Jambo lililokwisha kutiwa wino chama kinaweza kulisikitikia tu, lakini lile ambalo bado, kinaweza kulitengeneza.

Sousa alifariki mwaka 1932. Muziki wake ungali ukipigwa, na dola 35 zile hazikuongezeka.