Baada ya Mionzi ya Ndani: Mgonjwa wa Tezi Dume Akirudi Nyumbani

(Mazungumzo kwa wakazi katika siku ya afya ya wanaume. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakufika.)



Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume hapa Kenya. Kuhusu kupimwa mapema mengi yamesemwa, na yaendelee kusemwa. Lakini mwanaume akishatibiwa na kurudi kijijini, nani anamfuatilia? Jambo hilo halitajwi sana katika mabaraza. Mazungumzo ya leo yanamhusu huyo aliyerudi, hasa aliyetibiwa kwa brakitherapi, yaani mionzi inayowekwa ndani ya tezi yenyewe badala ya kupigwa kutoka nje ya mwili.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, mbele kidogo ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Picha hiyo ikikaa akilini, mengi yatakayofuata yanaeleweka yenyewe. Mionzi ikiwekwa ndani ya tezi, majirani zake nao hupata joto.

Kuna aina mbili, na ni muhimu mgonjwa na jamaa zake wajue ni ipi aliyopata. Ya kwanza ni ya mbegu za kudumu. Vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, huingizwa kwa sindano na kuachwa humo maisha yote. Huweza kufika mia moja hivi. Aghalabu hubeba iodini 125, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi. Ikipita miezi kumi, hubaki chini ya sehemu moja kati ya thelathini ya nguvu ya mwanzo. Aina ya pili ni ya muda. Chanzo kikali cha mionzi huingizwa kupitia mirija myembamba kwa dakika chache, kikatolewa, na mgonjwa akarudi nyumbani bila mionzi yoyote mwilini. Huyu wa pili hana sababu hata moja ya kujitenga na wajukuu.

Matibabu haya hapa nchini hupatikana katika hospitali chache, na wapo wanaosafiri hadi India. Ndiyo maana kazi ya kufuatilia hurudi kwenye kaunti, mikononi mwa kliniki ambayo pengine haijawahi kumwona mgonjwa wa namna hii.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 66, mfugaji anayepeleka maziwa kila asubuhi kwa pikipiki. Amewekewa mbegu za kudumu. Wengi wa aina yake hutolewa mpira wa mkojo siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Atakuta sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa imevimba na kubadilika rangi, kama mtu aliyeanguka vibaya. Mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku chache. Hata manii huweza kutoka yakiwa ya rangi ya kahawia au na damu kwa majuma kadhaa. Haya hutisha lakini yanatarajiwa. Pikipiki na baiskeli ziwekwe kando kwa majuma ya mwanzo kadiri daktari atakavyoelekeza, kwa kuwa kiti hukandamiza pale pale penye kidonda. Maziwa yapelekwe na kijana wa nyumbani.

Baadaye huja jambo linalowachanganya wengi. Juma la kwanza mzee anajisikia vizuri, anawaambia jirani amepona. Juma la pili au la tatu mkojo unaanza kuchoma, anaamka mara tano usiku, na akifika chooni unatoka kwa kusitasita. Anadhani mambo yameharibika. La, ni mionzi imeanza kufanya kazi na tezi imevimba. Hali hii huzidi katika miezi miwili ya mwanzo hivi, kisha hulegea polepole, na kwa wengi hutulia ndani ya mwaka. Dawa kama tamsulosini hulegeza njia ya mkojo, ila huweza kuleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, basi mzee anayeamka usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Maji anywe ya kutosha mchana na apunguze baada ya chakula cha jioni. Chai kali, kahawa na pombe huwasha kibofu. Choo kigumu nacho ni adui, kwa hiyo mboga na matunda visikosekane, asije akajikamua.

Yapo ambayo hayangoji asubuhi. Mkojo ukikataa kabisa kutoka huku tumbo la chini limejaa na kuuma, mzee apelekwe hospitali usiku huo huo awekewe mpira. Vivyo hivyo homa yenye kutetemeka, au mkojo wenye mabonge ya damu. Akifika, jamaa waseme mara moja kwamba ana mbegu za mionzi kwenye tezi. Mpira ni jambo la kawaida na hospitali ya kaunti ndogo inaweza kuuweka. Lakini upasuaji wa kukwangua tezi katika mwaka wa kwanza huweza kumwacha mtu akivuja mkojo daima, na usifanywe kabla daktari aliyeweka mbegu kuulizwa. Hapa ndipo karatasi ya hospitali inapookoa. Mzee aliyeiacha kwenye sanduku kijijini hawezi kueleza chochote akiwa kwenye maumivu.

Kuhusu watu wa nyumbani, hofu ni kubwa kuliko hatari. Mkojo, jasho na mate ya mwenye mbegu havina mionzi. Sahani, nguo na choo vitumiwe kama kawaida, na mama wa nyumba alale kitandani pake. Tahadhari ni za miezi ya mwanzo tu: mtoto asipakatwe kwa muda mrefu, na mjamzito asikae kwa saa nyingi akimgusa, umbali wa mita moja unatosha. Kumsalimu mjukuu na kumkumbatia kidogo hakuna neno. Katika tendo la ndoa, kondomu itumike kwa majuma ya mwanzo, kwa kuwa mara chache sana mbegu huweza kutoka na manii au mkojo. Ikionekana, isishikwe kwa vidole. Iokotwe kwa kijiko au koleo ndogo, iwekwe kwenye kikopo mbali na watu, na hospitali ipigiwe simu. Familia ambazo desturi yao ni kuchoma maiti zimweleze daktari mapema, kwa sababu katika miaka miwili ya mwanzo hilo huhitaji ushauri maalumu.

Sasa kipimo cha PSA. Hiki ni kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Aliyeondolewa tezi kwa upasuaji hutarajiwa kushuka karibu na sifuri. Aliyewekewa mionzi bado ana tezi yake, hivyo namba hushuka polepole, pengine kwa miaka kadhaa. Kwa kawaida hupimwa kila miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka.

Tuseme mzee wa maziwa alianza na 11. Baada ya miezi sita ni 1.8, na baada ya mwaka ni 0.9. Nyumbani wanashukuru. Mwezi wa kumi na nane anapimwa tena na namba ni 1.6. Usiku huo hakuna anayelala. Mwana wa Nairobi anaambiwa auze shamba atafute nauli ya India.

Shamba lisiuzwe. Takriban mwanaume mmoja kati ya watatu waliotibiwa kwa mbegu hupata kupanda huku kwa muda, mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 24, kisha namba hushuka yenyewe bila dawa yoyote. Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2006, yanayojulikana kama kanuni ya Phoenix, yalisema saratani hushukiwa kurudi pale PSA inapozidi kwa 2 kamili kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia mgonjwa. Kwa mzee huyu, cha chini ni 0.9, kwa hiyo mstari wake ni 2.9. Namba ya 1.6 inataka kurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, na subira. Na hata mstari ukivukwa, daktari hutazama mwendo wa namba na kuagiza vipimo vingine kabla ya kuamua.

Mstari huo lakini hauwezi kuchorwa bila kumbukumbu. Anayepima leo maabara hii, mwakani maabara nyingine, na kutupa karatasi, hana namba ya chini ya kulinganisha. Daftari la shilingi ishirini lenye tarehe, namba na jina la maabara lina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Maabara iwe moja inapowezekana. Siku mbili kabla ya kutolewa damu, aepuke tendo la ndoa na baiskeli, maana huweza kupandisha namba. Anayedungwa sindano za kupunguza homoni ajue PSA yake iko chini kwa sababu ya sindano pia, na picha kamili huonekana zikishaisha.

Yupo mwingine wa kuhofiwa zaidi kuliko yule aliyeona 1.6. Ni yule asiyeumwa popote, anayekunywa chai vizuri, ambaye baada ya mwaka wa pili ameona nauli ya kliniki ni hasara. Saratani ikirudi mwanzoni haiumi. Maumivu ya mgongo yakija, mara nyingi imeshafika kwenye mfupa, wakati daftari lingeionyesha miaka kabla.

Mengine mawili, kwa kifupi. Nguvu za kiume huweza kupungua taratibu kwa miaka, na wanaume wengi hunyamaza wakidhani ni uzee au kurogwa. Dawa zipo na husaidia wengi, ila zisinunuliwe gizani. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti anaweza kufa akizichanganya.

La pili ni damu kwenye choo kikubwa. Baada ya miezi au miaka, ukuta wa utumbo ulio nyuma ya tezi huweza kuvuja damu kidogo. Ni lazima ichunguzwe. Lakini kabla ya kuingiziwa kamera, mgonjwa amwambie daktari kwamba aliwahi kupata mionzi ya tezi dume. Kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa utumbo huo huweza kufungua tundu lisilofunga, na mtu akaishia kwenye upasuaji mkubwa. Daktari hawezi kuiona mionzi hiyo kwa macho. Anahitaji kuambiwa, hata ikiwa imepita miaka kumi.

Kabla ya safari ya kliniki, jamaa wahakikishe usajili na michango ya mgonjwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iko sawa. Wapige pia simu kuuliza vipimo gani vinalipiwa. Na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani aonyeshwe lile daftari, apige picha ya ukurasa wa mwisho.