GARI LINALOSITA UKIKANYAGA MAFUTA

Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na mafundi katika mkutano wa tawi



Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa mmoja wa motokaa ambao kila mmoja wetu anaujua. Injini inawaka vizuri, na gari likiwa limesimama inanguruma vizuri. Lakini ukikanyaga mafuta gari linasita kama punda aliyekataa mzigo, halafu ndipo linaruka mbele. Wengi wetu huuzoea. Ninalotaka kusema leo ni kwamba ugonjwa huu si wa kuzoea, wala si wa kutibiwa kwa kubahatisha.

Fikirini dereva anayelipita lori katika barabara isiyotengwa katikati. Anakwenda kilomita 80 kwa saa, na gari linalomkabili linakuja kwa mwendo huo huo. Kila sekunde magari hayo mawili yanakaribiana kwa mita 44. Gari lake likisita sekunde mbili tu, karibu mita 90 zimekwisha, naye bado yuko upande usio wake. Hapo hapana nafasi ya kumtafuta fundi.

Sasa tuone sababu. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, mafuta, na moto wa plagi. Kwa kila kilo moja ya petroli hutakiwa karibu kilo 15 za hewa. Ukikanyaga ghafula, hewa huingia mara moja, na petroli lazima iongezwe wakati ule ule. Ikichelewa, gari linasita. Katika magari ya zamani kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo iliyo katika kabureta. Mpira wake ukipasuka, ugonjwa ndio huo. Katika magari ya siku hizi kompyuta ndiyo inayoamua, nayo hutegemea vyombo vidogo vya kupima ambavyo mafundi huviita sensa. Sensa ikidanganya, kompyuta hukosea.

Ndugu fundi, fuata utaratibu, uanze na kile kisicho na gharama.

KWANZA, MULIZE DEREVA. Gari linasita likiwa baridi au likiwa moto? Mlimani tu, au hata penye tambarare? Lilianza baada ya kujazwa mafuta mahali fulani? Dereva ndiye anayeshinda na mgonjwa. Tena tazama taa ya injini. Ikiwa inawaka, soma makosa kwa mashine kabla ya kushika spana. Lakini mashine huonyesha mahali pa kutafuta tu. Haisemi kununua nini.

PILI, HEWA. Fungua chujio la hewa. Likijaa vumbi, badili. Kisha chunguza ule mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio mpaka kwenye injini. Ukunje kwa mikono. Ufa uliojificha hufunguka injini inapotikisika, ikaingia hewa isiyopimwa. Sikiliza pia mipira midogo kama inapiga mluzi. Sensa ya hewa ina waya mwembamba sana: isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa.

TATU, MOTO. Toa plagi, uziweke kwa mpango wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli nyingi mno; nyeupe sana, petroli ni haba. Plagi iliyochakaa au koili iliyochoka huweza kufanya kazi vizuri gari likisimama, ikashindwa mara injini inapobeba mzigo.

NNE, MAFUTA. Pima nguvu ya pampu, na usipime gari likisimama tu. Tazama kipimo wakati injini inapoongezwa mwendo. Kikishuka, chujio limeziba au pampu imechoka. Usisahau mafuta yenyewe. Biashara ya kuchanganya mafuta ya taa imetusumbua sana hapa Kenya, hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuizuia. Ukishuku maji, toa mafuta kidogo katika chupa safi ya kioo; maji yatakaa chini. Fanya hivyo mbali na moto na sigara.

Badili kitu kimoja, kisha jaribu gari. Ukibadili vitatu pamoja, gari huenda likapona, lakini hujui lilikuwa likiugua nini, na fedha za vitu viwili zimepotea bure.

Sasa neno kwenu madereva. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya kwanza gari linaposita, andika: tarehe, namba ya gari, na lilivyofanya. Mpe msimamizi, nawe baki na nakala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yasema mshahara hukatwa kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameharibu kwa kusudi, na hata hapo ni kiasi cha haki tu. Gari bovu uliloliripoti si kosa lako la kusudi. Lakini maneno ya mdomo hupotea. Karatasi ndiyo shahidi wako, na ndiyo silaha ya Chama kitakapokwenda kukutetea.

Dereva aandike, fundi apime, mwajiri anunue kile kilichopimwa. Hivyo gari litapona, na sisi tutarudi nyumbani kwa watoto wetu.

Umoja ni nguvu.