Breki Zikikatika Baada ya Gari Kutoka Gereji, Ni Nani wa Kuwajibika?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa magari ya vyama. Naona ni afadhali nianze na tukio nililolishughulikia mwenyewe, kwa maana mafunzo yake yananihusu hata mimi. Jina la chama sitalitaja, wala la gereji. Shabaha yangu si kumwaibisha mtu.

Chama hicho ni cha wakulima wa kahawa, nacho kiko milimani. Siku moja ya Jumatatu, katikati ya msimu, lori lake la pekee lilipelekwa gereji mjini kufanyiwa sevisi. Jumanne jioni likarudi. Alhamisi, likiwa limepakia magunia ya kahawa na likiteremka mlima, dereva alikanyaga breki, mguu ukazama hadi sakafuni. Alirudisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono, na alipoona gari halisimami akalielekeza kwenye ukingo wa udongo. Lori lililala ubavu. Utingo akavunjika mguu.

Kamati ilikutana kesho yake. Wako waliosema kwamba ajali haina kinga, wako waliolaumu gereji, na wengi walimlaumu dereva. Mwishowe iliazimiwa kwamba dereva asimamishwe kazi, na gharama za lori zikatwe katika mshahara wake. Ndipo nilipoitwa kukagua hasara.

Niliomba hati tatu: kitabu cha safari za gari, barua ya kuagiza kazi gereji, na risiti. Katika kitabu cha safari nilikuta dereva ameandika mara mbili, wiki moja kabla ya ajali, kwamba mafuta ya breki yanapungua. Maandishi hayo hayakuwa na sahihi ya mtu yeyote aliyeyasoma. Barua ya kuagiza kazi haikuwepo, kwani katibu aliagiza kwa mdomo tu: “Lifanyieni sevisi.” Risiti nayo ilikuwa na neno moja, “sevisi”, na jumla ya fedha.

Mwenye gereji alieleza kwamba alibadilisha oili na chujio, akapaka grisi, na kwamba hakuagizwa kugusa breki. Dereva alisema aliona gurudumu la mbele la kushoto limefunguliwa. Ukweli ungejulikana kwa kutazama paipu ya breki ya gurudumu hilo: kama ilitoboka kwa kutu, au kama nati yake iliachwa bila kukazwa. Lakini kamati, kwa haraka ya kulirudisha lori kazini, ilikwisha kumwita fundi wa jirani, naye alifunga paipu mpya na kuitupa ile ya zamani. Ushahidi ulitupwa pamoja nayo, na dai la chama juu ya gereji likakosa mguu wa kusimamia. Bima yake ilikuwa ya mtu wa tatu, ambayo hailipi hasara ya gari lenyewe. Wanachama wakalipa kwa kahawa yao.

Dereva aliokolewa na kalamu yake. Alitoa taarifa, na wajibu wa kuisoma haukuwa wake. Kamati ilifuta azimio lake. Nami sina budi kukiri: miezi sita nyuma, katika hati za malipo za chama hicho hicho, niliona neno “sevisi” bila maelezo yoyote, nikatia alama ya vyema nikapita. Kama ningeuliza siku ile ni kazi gani iliyofanywa, pengine katibu angejifunza kuandika.

Sasa tujibu swali lenyewe. Wengi hudhani kwamba gari likiharibika mara tu baada ya kutoka gereji, basi ni kosa la gereji. Si lazima iwe hivyo. Fundi anapopokea gari kwa malipo, yeye na chama wamefanya mkataba, hata kama ni wa mdomo. Wajibu wake ni kuifanya kazi aliyoikubali kwa ustadi na uangalifu unaotarajiwa kwa fundi. Akigusa breki akaacha nati bila kukazwa, atawajibika. Lakini aliyeagizwa kubadilisha oili tu ni vigumu kumbebesha lawama ya paipu iliyooza mahali asipopaswa kupatazama.

Tena breki hukatika kwa sababu nyingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakiisha kunyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu, mzigo ukiwa mzito, breki hupata moto, mafuta machakavu yakachemka, na mvuke ukaingia mahali pa mafuta. Hapo mguu huzama ingawa hakuna paipu iliyovuja.

Ziko hukumu mbili za Uingereza zinazotufaa. Hazizifungi mahakama zetu, lakini huwa mwanga kwao, kwa kuwa sheria yetu ya madhara ina asili huko. Katika kesi ya mwaka 1939, pete ya gurudumu la lori ilichomoka muda mfupi baada ya matengenezo, ikampiga mwanamke aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Mwenye lori hakuwajibishwa, kwa sababu alikuwa amelikabidhi kwa fundi mwenye ujuzi. Aliyewajibishwa ni fundi. Katika kesi ya pili, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1969, breki za lori zilikatika mteremkoni, mtu akafa. Paipu ilikuwa imeliwa na kutu mahali pasipoonekana. Wenye lori walijitetea kwamba walikuwa wakikagua sehemu zinazoonekana. Hata hivyo waliwajibishwa, maana hawakuieleza mahakama historia ya lori lile, yaani lilipitia wapi na lilibeba nini.

Ndugu Makatibu, tazameni tofauti. Wa kwanza aliweza kuonyesha kazi ilikabidhiwa kwa nani. Wa pili hawakuweza kueleza habari za gari lao wenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nawaomba mfanye haya:

1. Agizeni kazi kwa maandishi, mkitaja kila ubovu ulioandikwa na dereva. Nakala ibaki chamani.

2. Katibu asome kitabu cha safari kila jioni na kutia sahihi. Gari lililoandikwa kuwa na ubovu wa breki lisipakie mzigo hata kama msimu umekaza.

3. Daini risiti pamoja na orodha ya kazi na vipuri, na mchukue vipuri vya zamani.

4. Kabla gari halijatoka gereji, dereva akanyage breki mara kadhaa, atazame kama panavuja, kisha alijaribu bila mzigo mahali tambarare.

5. Ajali ikitokea, mhudumieni kwanza aliyeumia. Kisha toeni taarifa polisi na kwa kampuni ya bima bila kuchelewa. Gari lisifunguliwe na fundi yeyote kabla ya kukaguliwa na kupigwa picha, na kipuri kitakachotolewa kihifadhiwe kwa maandishi.

6. Kamati isimwadhibu mtu kabla ya kuzisoma hati.

Utingo yule anatembea, lakini magunia habebi tena. Nilipomhoji hakuuliza nani atalipa lori. Aliuliza kama kuna mtu aliyejua kwamba breki ni mbovu. Nilimjibu kwamba ilikuwa imeandikwa, ila haikusomwa.