NG'OMBE ANAYECHECHEMEA SIKU YA KUUZWA
Mazungumzo kwa wafugaji wa Kisii na Nyamira

Nataka kusema nanyi leo juu ya jambo dogo ambalo limevunja urafiki wa watu wengi, nalo ni mguu wa ng'ombe.

Mzee mmoja, jirani yetu, alitaka kumwuza ng'ombe wake wa maziwa mwezi wa Januari ili apate karo ya shule. Mnunuzi akaja kutoka upande wa Keroka, wakapatana shilingi 80,000. Asubuhi ya siku ya kumchukua, ng'ombe alipotolewa bandani alionekana akichechemea kidogo mguu wa nyuma wa kushoto. Mnunuzi alikuwa hajafika bado. Mwana wa yule mzee akasema, "Baba, tumpige sindano ya kuondoa maumivu. Atatembea vizuri mpaka jioni, na jioni atakuwa mali ya mwingine." Mzee akanyamaza, maana karo ilikuwa imekaribia.

Kabla sijawaambia alivyofanya, tujiulize kwanza: kwa nini kilema kile kilionekana siku ile ile ya kuuza? Zamani vijana wa Abagusii walikaa na mifugo katika ebisarate, yaani maboma ya ng'ombe, na kila siku waliuona mwendo wa kila mnyama. Maboma hayo yalikomeshwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mashamba yetu ni madogo, na ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani akaletewa nyasi za napier. Hatembei; basi nani atamwona akichechemea? Sakafu ikiwa na mkojo na matope, kwato hulainika. Na kwa kuwa hatembei, kwato hurefuka bila kusagika. Siku ya kuuzwa ndiyo siku yake ya kwanza ya safari, na hapo mguu husema yale ambayo mwenyewe hakuyajua.

Kwa hiyo yafaa kumkagua majuma mawili kabla ya kutangaza bei. Mpelekeni mahali pagumu na tambarare. Mtu mmoja amwongoze polepole kwa kamba iliyolegea, na mwingine amtazame kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Ng'ombe mzima mgongo wake hunyooka, asimamapo na atembeapo. Mwenye maumivu huupinda juu na kufupisha hatua. Ikiwa mguu mbaya ni wa mbele, mara nyingi huinua kichwa wakati mguu huo unapogusa ardhi. Kisha mfungeni vizuri, inueni mguu, osheni kwato kwa maji na brashi, mtazame katikati ya vidole viwili. Katika miguu ya nyuma, angalieni zaidi kidole cha nje, kwani ndicho kinachoumia mara nyingi.

Huenda mkakuta kijiwe kimekwama. Kitoeni, na jambo limekwisha. Huenda kwato zimerefuka mno. Mwiteni mtu aliyefundishwa kuzikata, wala msikate wenyewe kwa panga. Mkiona uvimbe juu ya kwato na harufu mbaya katikati ya vidole, huo ni ugonjwa wa kuoza kwato, nao wahitaji dawa ya daktari wa mifugo. Kwa kuzuia, wafugaji wengi hupitisha ng'ombe katika maji ya mrututu, gramu 50 kwa kila lita, baada ya kuosha miguu. Maji hayo ni sumu. Yasinywewe na mnyama yeyote, hasa kondoo.

Lakini ng'ombe akichechemea huku akitokwa na udenda mwingi, tena ana malengelenge mdomoni au katikati ya kwato, msimpeleke sokoni kabisa. Huo waweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huenea upesi kutoka boma moja hadi jingine. Sheria yataka upewe habari kwa ofisi ya mifugo mara moja. Faida ya ng'ombe mmoja isiwe hasara ya kata nzima.

Sasa turudi kwa yule mzee. Alimjibu mwanawe, "Sindano itaficha maumivu, haitaponya mguu. Akishuka mlima kwa mguu huo, atafika kwa mwenzetu akiwa mbaya zaidi." Mzee alisema kweli. Tena ikiwa sindano ina dawa ya antibiotiki, maziwa hayafai kunywewa mpaka siku zilizoandikwa juu ya chupa zitimie. Mnunuzi asiyeambiwa huwanywesha watoto wake maziwa hayo bila kujua.

Mnunuzi alipofika, mzee alimtangulia kusema: "Mwanangu, ng'ombe huyu amechechemea leo asubuhi. Tazama mwenyewe." Wakamwita mganga wa mifugo, akakuta kwato ndefu na kijiwe kilichochubua ngozi. Akakata kwato na kusafisha jeraha. Kisha wakaandika mapatano mbele ya mashahidi wawili: rangi na umri wa ng'ombe, kilema kilichoonekana, na bei. Mnunuzi akalipa shilingi 75,000. Shilingi 5,000 zikabaki mpaka siku 14 zipite, ng'ombe akitembea vizuri. Siku ya kumi na nne alizileta kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata alirudi kwa mzee yule yule kununua mtamba.

Ninyi wanunuzi nanyi mna wajibu wenu. Msinunue ng'ombe aliyesimama bandani, ombeni atembezwe. Chini ya sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, mtu aliyekagua mali kabla ya kununua asitumaini sana kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ungalimwonyesha. Lakini muuzaji aulizwaye, "Je, miguu yake ni mizima?" akajibu uongo ili auze, aweza kudaiwa barazani. Tena msisahau hati ya ofisi ya mifugo ya kumhamisha mnyama.

Mabibi na mabwana, kilema kidogo kikitajwa mapema hupunguza bei kidogo tu. Kikifichwa, hula bei yote na jina la mwenye kuuza pamoja nayo. Soko la Keroka li karibu, na watu wake wanajuana. Njia ya mwongo ni fupi. Basi kesho asubuhi, kabla ya kukama, mtoeni ng'ombe nje, mmtazame anavyotembea.