Ndege Nyuka Nyingi, Kazi Moja

Maelezo ya mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Michenga



Kila mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero anawajua kwelea kwelea. Maelfu yao huinuka pamoja, hupinda na kushuka, wala hawagongani, ingawa hakuna kiongozi anayetoa amri. Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Craig Reynolds, alionyesha kwamba mwenendo wa kundi la ndege unaweza kuigwa kwa kanuni tatu: kila mmoja asimsogelee mno jirani yake, afuate mwelekeo na kasi ya walio karibu, na asitengane na wenzake. Kanuni hizo zimewasaidia sana wanaobuni namna ya kuongoza makundi ya ndege zisizo na rubani, yaani ndege nyuka.

Kwa nini ziwe nyingi? Ardhioevu ya Kilombero, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, ina takriban kilomita za mraba 7,967. Ndege nyuka ndogo ya kawaida hukaa angani kama nusu saa, kisha betri huisha. Maji yanapozingira makazi, kama ilivyotokea bondeni katika masika ya mwaka 2024, ndege moja haiwezi kupekua eneo lote kwa wakati.

Hata hivyo, wingi peke yake hauokoi mtu. Eneo hukatwa vipande, na kila ndege hupewa kipande na kimo chake. Inayoishiwa betri hurudi, na jirani yake huchukua sehemu iliyobaki. Mawasiliano yakikatika, kila ndege iwe imekwisha kupangiwa la kufanya, kwa kawaida kurudi ilikoruka. Mpango ukiwa na kasoro, nyumba moja huhesabiwa mara mbili, na kipande kilichorukwa huandikwa kuwa kimepekuliwa. Walioko huko hubaki juu ya paa wakingoja mtumbwi ambao hakuna aliyeutuma.

Nchi yetu tayari ina uzoefu wa kuanzia. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege nyuka. Zilipita kwa mistari, picha zikaunganishwa kuwa ramani moja. Mwaka 2018 ndege nyuka ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 hivi kwa dakika 40. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, ndege nyuka zilinyunyiza kimiminika cha kuzuia mazalia ya mbu. Kazi hizo hazikufanywa na makundi yanayojiongoza yenyewe. Watu ndio waliopanga na kusimamia, na funzo lake ni kwamba mpango wa ardhini hutangulia ndege angani.

Ndege huona paa. Haijui kama chini yake yumo bibi asiyeweza kutembea. Hilo hulijua jirani, balozi na mwenyekiti wa kitongoji. Orodha ya kaya iliyo sahihi, njia za mitumbwi na majina ya wagonjwa wasiojiweza ni sehemu ya uratibu kama ilivyo betri. Aidha, lazima awepo mtu mmoja wa kupokea taarifa zote na kuamua mtumbwi upi uende wapi. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi siku ndege nyuka zitakapoletwa katani, kwa mafuriko, kwa mbu au kwa kwelea kwelea, ni haki ya kila mkazi kuuliza: Je, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kipo? Nani anayeongoza kazi nzima, naye anapatikana wapi? Picha za nyumba na mashamba zitatunzwa na nani? Na ni kipande kipi ambacho bado hakijafikiwa?

Swali hilo la mwisho liulizwe kila siku, hadi jibu liwe kwamba hakuna.