Zimamoto ya London: Ilianza kwa Kulinda Mali, Ikajifunza Kulinda Watu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo hatutaanza na habari za mishahara. Tutaanza na habari za moto. Lakini mkisikiliza mpaka mwisho mtaona kuwa ni habari ile ile.

Gari la zimamoto likipita, sote twasogea kando tulipishe. Hatuulizi nani anawalipa watu wale, wala kama nyumba inayoungua ni ya tajiri au ya maskini. Twadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Tutazame mji wa London, Uingereza.

Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate. Uliwaka siku nne, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Watu walikuwa na ndoo za ngozi, ngazi na kulabu za kubomolea mapaa. Kikosi cha kazi hiyo hakikuwako.

Baada ya hasara ile, watu wenye fedha wakaanzisha kampuni za bima. Kampuni hizo zikaona kuwa kuzima moto ni rahisi kuliko kulipa nyumba nzima, basi kila moja ikaweka kikosi chake. Wengi wao walikuwa wapiga makasia wa mto Thames, ambao waliitwa moto ulipotokea tu. Walipewa sare na beji, na nyumba iliyokatiwa bima ilipigiliwa alama ya kampuni ukutani.

Tarehe 1 Januari 1833 kampuni kumi ziliunganisha vikosi vyao kuwa kimoja, chenye watu 80 na vituo 13. Mkubwa wao alikuwa James Braidwood, aliyekuwa ameongoza zimamoto ya Edinburgh tangu 1824. Yeye aliwafundisha watu wake wasisimame barabarani wakirusha maji madirishani, bali waingie ndani mpaka kwenye shina la moto.

Mabomba yao yalisukumwa kwa mikono. Kazi hiyo ilitaka watu wengi, basi wapita njia waliandikwa pale pale na kulipwa kwa saa, pamoja na pombe. Pombe ikichelewa, mikono ilisimama! Ndugu, hata mtu wa kibarua cha saa moja alijua kuwa bomba haliendi bila yeye.

Lakini sasa sikilizeni jambo hili. Kikosi kile kilikuwa mali ya kampuni za bima, na shabaha ya kampuni ilikuwa kuokoa nyumba na bidhaa. Je, watu waliokwama orofani? Ngazi za kuwaokoa ziliwekwa barabarani na chama cha hisani kilichoanzishwa 1836, kwa fedha za michango. Bidhaa zilikuwa na kikosi chenye mshahara. Roho za watu zikaachiwa sadaka.

Mambo yaligeuka tarehe 22 Juni 1861. Moto ulishika maghala ya Tooley Street, kando ya mto, karibu na London Bridge. Mlikuwa na katani, pamba, sukari, mafuta ya wanyama na viungo. Braidwood alikuwa akizunguka kuwatia moyo watu wake waliochoka, ukuta ukamwangukia, akafa. Moto ule haukuzimika kabisa mpaka baada ya majuma mawili. Kampuni za bima zilipohesabu hasara, ziliiambia serikali kuwa mzigo huo hazitaubeba peke yao tena.

Bunge likatunga sheria mwaka wa 1865, na tarehe 1 Januari 1866 kikosi kikawa cha mji wenyewe. Kampuni zilitoa sehemu yao, serikali ikatoa pauni 10,000 kwa mwaka, na wenye nyumba wakatozwa kodi ya nusu peni kwa kila pauni. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka uliofuata ngazi za kile chama cha hisani nazo zikawa za kikosi. Hapo ndipo kuokoa mtu kulipokuwa kazi ya mji, si sadaka.

Je, mambo yakaisha hapo? La. Mkubwa mpya, Massey Shaw, alipenda kuajiri mabaharia, kwa kuwa walizoea kupanda juu, kutii amri, na kukesha usiku na mchana. Mzima moto aliishi kituoni na kulala kituoni, na siku ya kupumzika ilikuwa adimu. Mji ulimsifu kwa ushujaa wake, lakini sifa haimpi mtu usingizi, wala haimpi nafasi ya kukaa na watoto wake.

Walipochoka na sifa, wakaungana. Chama cha wafanyakazi wa zimamoto kilianzishwa 1918, na mwaka wa 1920 London ikaanza zamu mbili, saa 72 kwa juma. Saa 72 bado ni nyingi mno, lakini kwa mtu ambaye hakuwa na zamu hata moja ya kwake, ulikuwa mwanzo.

Basi, ndugu, tunajifunza nini? Kwanza, kazi inayolinda watu wote yafaa ilipiwe na watu wote, kwa kuwa moto hausomi alama ukutani. Pili, anayelinda wengine naye ana haki ya kulindwa. Na tatu, tangu moto wa 1666 mpaka sheria ya 1865 ilipita karibu miaka 200, na mpaka zamu mbili ikapita miaka 55 zaidi. Mji ulijifunza kwa kuungua. Sisi tusingoje ukuta uanguke ndipo tuanze kusema. Tuseme sasa, na tuseme pamoja.